Haidrojeni: tuulize kwanza umeme wake umetoka wapi

Mtambo wa tisa na wa mwisho wa Bwawa la Julius Nyerere ulipokamilika mwaka 2025, uwezo wa bwawa hilo ulifika megawati 2,115, na nchi iliyozoea mgawo wa umeme ikaanza kuzungumzia umeme wa ziada. Hapo ndipo haidrojeni, gesi inayoweza kutumika kama mafuta, ilipopata nafasi katika mazungumzo yetu. Kenya ilikwisha kuzindua mkakati wake wa haidrojeni ya kijani, yaani inayotengenezwa kwa umeme wa jua, upepo au maji, Septemba 2023. Namibia inapanga mradi wa takriban dola bilioni 10 karibu na mji wa Lüderitz, lengo likiwa kuiuzia Ulaya. Basi watu wanauliza, sisi wenye Rufiji, Malagarasi na Ziwa Tanganyika tunangoja nini? Huku Kigoma swali hilo huja limefuatana na video zinazozunguka kwenye simu: mtu anamimina maji ya chupa kwenye tangi la gari, anapiga stata, anaondoka.

Video hizo ni uongo, na sababu yake nitaieleza. Lakini hata mjadala wa watu wazito unakosea palepale video zinapokosea. Unalitazama bomba la moshi na kusema: yanatoka maji tu, kwa hiyo hii ni nishati safi. Msimamo wangu ni kwamba usafi wa haidrojeni hupimwa mahali inapotengenezwa, wala haupimwi inapoungulia. Haidrojeni ni dumu, si kisima. Hubeba nishati iliyochotwa kwingine, na hubeba pia uchafu wa huko ilikochotwa. Nikilileta swali hili nyumbani naongeza jambo la pili: kwa mikoa ya Kigoma na Tabora, kuifanya haidrojeni kuwa mafuta ya gari, boti au jiko ni kuupoteza umeme ambao wananchi wengi bado wanausubiri. Iko kazi moja tu ambayo ningekubali ipewe umeme wetu, nayo ni mbolea.

Tuanze na maji. Haidrojeni ikiungua huungana na oksijeni, hutoa joto, na kinachobaki ni maji. Kwa hiyo maji ni haidrojeni iliyokwisha kuungua. Ukitaka iungue tena lazima kwanza uitenganishe na oksijeni, na kuitenganisha hakuwezi kula nishati pungufu ya ile utakayoipata ikiungua; kwa mitambo halisi hula zaidi. Ndiyo maana hakuna gari linalotembea kwa maji wala halitakuwepo. Haidrojeni iliyo huru ardhini, ya kuchimbwa kama tunavyochimba gesi ya Songo Songo, ni adimu. Kijiji cha Bourakébougou nchini Mali kina kisima kilichochimbwa mwaka 1987 katika kutafuta maji. Kilitoa gesi ambayo baadaye ilipimwa na kukutwa ni haidrojeni kwa takriban asilimia 98, na kuanzia 2012 ikatumika kuwawashia wanakijiji taa. Ni habari ya kweli na inatia moyo. Kwa kuwa nasi tuko kwenye Bonde la Ufa, na Rukwa tayari wanatafuta gesi ya heliamu, sioni ubaya wanajiolojia wetu wakichunguza. Ila kisima kimoja cha kijiji hakitoshi kuwa msingi wa kupangia nishati ya nchi.

Haidrojeni inayotumika duniani leo ni ya namna nyingine kabisa. Mwaka 2023 dunia ilitumia takriban tani milioni 97, kwa hesabu za Shirika la Kimataifa la Nishati, na karibu yote ilitoka kwenye gesi asilia, makaa ya mawe na mafuta. Iliyotengenezwa kwa njia zenye uchafuzi mdogo haikufika asilimia moja. Njia kuu ni kukutanisha gesi asilia na mvuke wa maji katika joto kali mpaka methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi hiyo, ivunjike, haidrojeni ikakusanywa na hewa ukaa ikaachwa ipae angani. Kila kilo moja ya haidrojeni huacha kilo 9 hadi 10 za hewa ukaa. Kwa makaa ya mawe, kama wafanyavyo sana China, huwa karibu kilo 20. Ukijumlisha, viwanda vya haidrojeni hutoa zaidi ya tani milioni 900 za hewa ukaa kwa mwaka, kuliko Ujerumani nzima. Na haidrojeni hiyo karibu yote haiendi kwenye magari. Husafishia mafuta ghafi, na hutengenezea amonia, ambayo ni malighafi ya karibu mbolea zote za naitrojeni za viwandani. Naomba msomaji aishike hii ya mbolea, nitaifikia.

Kutokana na hali hiyo, wenye biashara waliipa haidrojeni rangi, ingawa yenyewe haina rangi. Ya gesi asilia wakaiita ya kijivu. Ya gesi asilia ambayo hewa ukaa yake imenaswa na kuzikwa ardhini wakaiita ya bluu. Ya maji yaliyochanganuliwa kwa umeme wa jua, upepo au maji wakaiita ya kijani. Ya bluu itatufikia mapema, kwa sababu Tanzania ina hazina ya gesi asilia inayokadiriwa kuwa futi za ujazo trilioni 57 na ushee, nyingi ikiwa chini ya bahari ya kusini, na hoja ya kuigeuza kuwa mafuta safi ina mvuto mkubwa. Mwaka 2021 watafiti Robert Howarth na Mark Jacobson walichapisha hesabu iliyowashtua wengi: ukiingiza methani inayovuja visimani na kwenye mabomba, haidrojeni ya bluu inaweza kulipasha joto anga kwa zaidi ya asilimia 20 kuliko kuichoma gesi ileile moja kwa moja kwa ajili ya joto. Waliowapinga walisema kiwango cha uvujaji walichokitumia, asilimia 3.5, ni kikubwa mno kwa visima vinavyosimamiwa vizuri, na kwamba kupima athari ya methani kwa miaka 20 badala ya 100 kunaikuza. Pingamizi hilo lina uzito. Lakini litazameni vizuri: linasema ya bluu ni safi pale uvujaji unapodhibitiwa kwa ukali na hewa ukaa inaponaswa karibu yote. Kwa hiyo hata mtetezi wake anakubali kwamba usafi unategemea usimamizi wa mabomba na visima. Gesi yenyewe haimhakikishii mtu chochote.

Ya kijani ndiyo inayotuhusu zaidi, maana ndiyo inayosemwa inaendana na mito yetu. Hesabu yake si ngumu. Kupata kilo moja ya haidrojeni kwa kuchanganua maji unahitaji uniti (kilowati-saa) takriban 50 hadi 55 za umeme, na kilo hiyo ikishapatikana ina nishati ya uniti 33. Anayenunua Luku kwa matumizi ya kawaida ya nyumbani anajua kwamba shilingi 10,000 humpa uniti zipatazo 28. Kwa bei hiyo, umeme peke yake wa kutengenezea kilo moja unakaribia shilingi 20,000, na kilo hiyo ina nishati sawa na lita tatu na kidogo za dizeli. Mpigie hesabu muuza mafuta wa mtaani kwako. Kiwanda kitapewa bei nafuu kuliko mimi na wewe, sawa, lakini bado hujanunua mtambo, hujasafisha maji, hujaigandamiza gesi. Gari la haidrojeni huhifadhi gesi hiyo kwa shinikizo la takriban mara 700 ya shinikizo la hewa tunayoivuta. Ukitaka iwe kimiminika lazima uipoze mpaka nyuzi 253 chini ya sifuri.

Kwa kilo hiyo moja, gari dogo la haidrojeni husafiri takriban kilomita 100. Uniti zilezile 55 ukiziingiza kwenye betri ya gari la umeme la ukubwa huohuo, utapita kilomita 300. Tofauti hii ya mara tatu haiwezi kuondolewa na mhandisi hodari wala mtaji mkubwa, kwa sababu inatokana na kuubadili umeme kuwa gesi na kisha kuirudisha gesi kuwa umeme, na kila mabadiliko yanakula sehemu yake. Wajerumani walijifunza hili kwa gharama. Jimbo la Niedersachsen lilikuwa la kwanza duniani kuendesha njia nzima ya abiria kwa treni za haidrojeni pekee, 14 kwa jumla, mwaka 2022. Mwaka uliofuata shirika la usafiri la jimbo hilo likatangaza kwamba treni zake zijazo zitakuwa za betri, kwa kuwa ni nafuu kuziendesha. Sisi reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, inajengwa iwe ya umeme wa waya juu ya reli. Huo ni uamuzi bora kuliko ule wa jimbo tajiri la Ulaya, na nasikitika ninaposikia watu wakisema tumepitwa na wakati kwa kutochagua haidrojeni.

Sasa niingie mahali ambapo naona hata waandishi wenzangu hawafiki. Tuseme kiwanda cha haidrojeni kimejengwa na kuunganishwa gridi ya taifa. Umeme wake ni wa nini? Mwenye kiwanda atasema ni wa maji, kwa sababu sehemu kubwa ya umeme wa gridi sasa ni wa maji. Lakini gridi haifanyi kazi kwa wastani. Kiwanda kipya kikiwashwa saa mbili usiku, wakati kila nyumba imewasha taa na televisheni, uniti za ziada zinazohitajika zinatoka kwenye mtambo ambao bado una nafasi ya kuongeza, na mara nyingi mtambo huo ni wa gesi, Kinyerezi au Ubungo. Uniti moja ya umeme wa gesi hutoa kati ya gramu 400 na 500 za hewa ukaa. Zidisha kwa 55 unapata kilo 22 hadi 27 kwa kila kilo ya haidrojeni. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya haidrojeni ya kijivu ambayo kila mtu anaikubali kuwa chafu! Tungekuwa tumechoma gesi kupata umeme, tukatumia umeme kuvunja maji, tukaishia na hewa ukaa nyingi kuliko kama tungeivunja gesi yenyewe. Na bado nje ya geti kungekuwa na bango la kijani.

Hofu hii si yangu peke yangu. Umoja wa Ulaya, katika kanuni zake za mwaka 2023, uliweka sharti kwamba kuanzia 2030 umeme wa kutengenezea haidrojeni inayoitwa jadidifu ulinganishwe saa kwa saa na uzalishaji wa chanzo chake, na kwamba chanzo hicho kiwe kipya, kisiwe kile kilichokuwa tayari kinawahudumia wananchi. Wazalishaji walilalamika kwamba sharti ni kali na litapandisha bei. Ni kweli litapandisha. Lakini bila sharti hilo neno kijani linabaki rangi tu.

Yapo mambo mawili yanayosemwa dhidi ya haidrojeni ambayo mimi nayaona dhaifu, na sitaki niyatumie kwa kuwa tu yanaupendeza upande wangu. La kwanza ni kwamba italimaliza ziwa. Kilo moja ya haidrojeni inahitaji lita 9 za maji, na ukihesabu ya kusafishia na kupozea mitambo inaweza kufika mara mbili au tatu ya hapo. Hata kama umeme wote wa mradi wa Malagarasi, megawati 49.5, ungemwagwa humo usiku na mchana, matumizi yangekuwa lita laki mbili hadi sita kwa siku. Ziwa Tanganyika lina takriban asilimia 17 ya maji baridi yote ya juu ya ardhi duniani. Ziwa halitatikisika. Tabora, ambako maji ya Ziwa Victoria yamevutwa kwa mabomba ya masafa marefu hadi kufika mjini, mtu ana haki ya kuuliza zaidi, lakini hata huko tatizo la kwanza litakuwa umeme. La pili ni hofu ya mlipuko. Haidrojeni huwaka kwa urahisi, kweli, ila ni nyepesi mno na hupaa haraka, wakati mvuke wa petroli hutambaa chini ukisubiri cheche. Anayelala nyumba moja na madumu ya petroli ya kuuza hana sababu ya kuiogopa haidrojeni zaidi.

Uvujaji wake ndio wa kuogopa, kwa sababu tofauti na moto. Molekuli za haidrojeni ni ndogo mno na hupenya kwenye viungo vya mabomba. Ikifika angani haipashi joto yenyewe moja kwa moja, bali inatumia kemikali ambazo zingeiondoa methani, hivyo methani inadumu zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulikadiria kwamba, kwa kipindi cha miaka 100, kilo moja ya haidrojeni iliyovuja ina athari ya takriban kilo 11 hadi 12 za hewa ukaa. Na ikichomwa kwenye injini au jiko, badala ya kutumika kwenye seli inayozalisha umeme bila moto, joto kali huunganisha naitrojeni na oksijeni za hewani na kutoa oksidi za naitrojeni, zilezile zinazoumiza mapafu ya mijini. Hivyo hata kwenye bomba la moshi, mahali wanapopaonyesha kwa fahari, si kila mara yanatoka maji tu.

Turudi Kigoma. Mkoa huu ulianza kuunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2022. Kabla ya hapo mji wa Kigoma na wilaya zake ziliishi kwa majenereta ya dizeli, na dizeli yenyewe ilisafirishwa kutoka pwani kwa reli na barabara zaidi ya kilomita elfu moja. Aliyeishi hapa anajua maana ya mafuta kuchelewa: kiwanda cha barafu kimesimama, samaki wa siku mbili wanauzwa kwa bei ya kutupa, mashine ya kusaga ina foleni mpaka barabarani. Watu walioishi hivyo wakiambiwa kuna mafuta yanayotengenezwa na maji ya ziwa, wana kila sababu ya kufurahi. Nilikuwa mwalo wa Kibirizi boti za abiria zikipakia, madumu ya petroli yamepangwa kwenye mchanga yakisubiri kuingizwa, na nikamuuliza nahodha mmoja kama angependa injini ya haidrojeni. Akasema, "Kaka, nikiishiwa njiani kwenda Kagunga, nitayapata wapi?" Alikuwa ametaja tatizo ambalo wapangaji wa miradi huliweka ukurasa wa mwisho. Petroli inauzwa kwa dumu kila kijiji cha mwambao kwa sababu inakaa kwenye dumu la plastiki. Haidrojeni inataka mitungi ya shinikizo kubwa, kompresa, na fundi aliyesomea kazi hiyo, kila kituo. Wavuvi wa dagaa wameshaonyesha njia iliyo rahisi zaidi: wengi wameacha karabai za mafuta ya taa, wanavua kwa taa za betri, na betri wanazichaji nchi kavu. Hawakusubiri semina ya mtu.

Hoja ambayo naiheshimu kuliko zote kwa upande wa haidrojeni ni ile ya umeme wa ziada. Mwaka 2024 mvua zilipokuwa nyingi, Tanesco ililazimika kuzima baadhi ya mitambo ya maji kwa kuwa uzalishaji ulizidi mahitaji. Maji yaliyofunguliwa bila kuzungusha mtambo ni nishati iliyopotea. Kwa nini isigeuzwe haidrojeni ikahifadhiwa? Kwa mantiki tupu hoja hii haina kosa, na kwa nchi zenye upepo mwingi majira ya baridi na jua kidogo inaweza kuwa jibu. Kwetu inagonga ukuta mara mbili. Kwanza, mtambo wa kuchanganua maji ni ghali, na kifaa ghali kinachofanya kazi wiki chache za masika hakirudishi fedha yake. Mwekezaji atadai umeme mwaka mzima, na hapo si wa ziada tena. Pili, ziada ya Rufiji haimaanishi ziada Kasulu au Sikonge. Mwaka 2025 nchi ilijadili kwa sauti kubwa mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini huku bwawa likiwa limejaa, na maelezo ya serikali yalikuwa kwamba umeme hupotea njiani ukisafirishwa mbali kutoka kusini mashariki. Kama hoja hiyo ina uzito kwa Kilimanjaro, ina uzito huohuo kwa Kigoma. Tunachokosa ni njia za kusafirishia na vituo vya kupozea umeme, na hakuna kiwanda cha haidrojeni kitakachotujengea hivyo.

Upande wa jiko nitapita haraka, kwa sababu hesabu inajieleza. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Wako wanaosema haidrojeni iingie humo. Megawati 49.5 za Malagarasi, mto ukiwa umejaa, ni uniti 1,188,000 kwa siku. Kila nyumba ikipewa uniti mbili za kupikia kwa jiko la umeme la presha, hiyo ni karibu nyumba laki sita, na mkoa mzima wa Kigoma una watu wapatao milioni mbili na nusu. Siongelei saa za msongamano, ambapo wote wanapika pamoja. Nataka tu ukubwa wa namba uonekane. Ukiugeuza umeme huohuo kuwa haidrojeni kisha ukaichoma chini ya sufuria, chakula kitakachoiva ni kama theluthi.

Imebaki mbolea, na hapa msimamo wangu unabadilika kabisa. Mkulima wa tumbaku Urambo au Kaliua, anayechukua mbolea za NPK na CAN kwa mkopo kupitia chama chake cha ushirika (AMCOS), na wa mahindi Kasulu anayesubiri urea ya kukuzia, wanatumia haidrojeni kila msimu. Naitrojeni iliyomo kwenye mifuko ile ilinaswa kutoka hewani kwa kuunganishwa na haidrojeni, na haidrojeni hiyo ilitoka kwenye gesi ya nchi za mbali. Ndiyo sababu gesi ilipopanda bei Ulaya mwaka 2021, na zaidi vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022, mfuko wa kilo 50 wa urea huku kwetu ulipita shilingi laki moja, na serikali ikalazimika kuweka ruzuku iliyoushusha hadi 70,000. Mkulima wa Kaliua alikuwa akilipia bomba la gesi asilolijua. Kwenye gari au jiko haidrojeni inashindana na waya na betri, na inashindwa. Kwenye mbolea haina mshindani: hakuna betri inayotengeneza amonia. Kila tani ya haidrojeni ya kijani inayoingia humo inaondoa tani ya kijivu pamoja na tani zake 9 au 10 za hewa ukaa, na inapunguza utumwa wetu kwa bei za nje.

Kwa kiasi gani? Tani moja ya amonia iliyotengenezwa kwa umeme, ukihesabu kila hatua, inakula takriban uniti 10,000. Malagarasi yote, kwa siku nzima ya mto kujaa, ingetoa tani kama 119, zenye naitrojeni ya kutosha mifuko zaidi ya 4,000 ya urea. Urea ina shida yake: huhitaji hewa ukaa kutengenezwa, na huirudisha angani inapoyeyuka shambani, hivyo mbolea za jamii ya CAN, ambazo amonia yake haihitaji hewa ukaa, zinafaa zaidi kwa njia hii. Sisemi Malagarasi ipewe kiwanda. Mradi huo ni wa kuwasha nyumba, zahanati na mashine za Kigoma, na nitakuwa wa kwanza kupinga ukichukuliwa. Nasema mtambo mdogo wa amonia, wenye mashamba yake ya jua katika nyanda za Tabora ambako jua halina tatizo, ukijengwa karibu na reli, ni mradi ambao naweza kuutetea mbele ya mkulima. Mtambo kama huo kwa ajili ya kupeleka haidrojeni Hamburg, Ujerumani, siwezi kuutetea, maana ungeanza kwa kuisafirisha bidhaa hadi Dar es Salaam kabla hata ya kuonana na bahari.

Basi mwekezaji akija na makaratasi yake ya haidrojeni ya kijani kwa kanda ya magharibi, halmashauri na wabunge wetu wanatakiwa kumdai mambo manne kwenye mkataba. Umeme wake utoke kwenye chanzo kipya alichokijenga mwenyewe, na mita isomwe saa kwa saa, matokeo yawekwe wazi kwa EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na kwa wananchi. Saa ambayo jua halipo na chanzo chake kimelala, mtambo usimame na usinyonye gridi. Uvujaji upimwe na mtu asiyelipwa na kampuni. Na bidhaa iwe mbolea, ikipitia kwanza maghala ya Urambo, Kaliua, Kasulu na Kibondo kwa bei iliyoandikwa kwenye mkataba kabla ya msimu, kisha itakayobaki ndiyo ivuke mpaka kwenda Burundi na Kongo kupitia bandari ya Kigoma.